Kupanga vifaa vya kamera nyuma ya vani: droo au maboksi?

Mwanga_Mdogo

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa kupanga sehemu ya mizigo ya vani ndogo inayotumika kila siku kwa kazi ya video. Kutoka migongo ya viti vya mbele hadi mlango wa nyuma ni mm 1,700. Upana kati ya matuta ya tairi ni mm 1,050, na mlango wa nyuma una kimo cha mm 1,020. Kushoto kuna mlango wa kuteleza. Kati ya viti na mizigo hakuna kizuizi chochote.

Vifaa: bodi 2 za kamera, lenzi 6 (ndefu kuliko zote ni ya kuvuta mbali, mm 70-200), droni, gimbali (mkono wa kutuliza kamera), taa 3 za LED kwenye maboksi mawili magumu, C-stendi 2 (stendi nzito za chuma za taa), stendi nyepesi 3, tripodi 2, mifuko 4 ya mchanga ya kilo 9 kila mmoja, betri 6 za V-mount (betri kubwa za kamera na taa) za Wh 98, vifaa vya sauti na kebo nyingi. Kwenye mizani vyote ni kilo 138.

Kwa sasa vimerundikwa tu. Kinachohitajika kwanza ndicho huwa chini kabisa, tripodi zinagonga maboksi barabara ikiwa mbaya, na vumbi linaingia. Je, nitengeneze droo za mbao au ninunue maboksi na kuyafunga kwa mikanda? Na betri nizichajije njiani?

---

Fundi_Droo

Mkuu, kabla ya droo na maboksi, anza na kizuizi nyuma ya viti. Piga hesabu: gari liko kasi ya km 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kwa sekunde. Likigonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kila kilicho nyuma kinasukuma mbele kwa nguvu ya mara 14 hivi ya uzito wake. Mfuko wako wa mchanga wa kilo 9 unakuwa kama mtu wa kilo 126 anayerushwa kwenye kisogo cha dereva. Tengeneza fremu ya bomba la mraba la mm 25, ichomelee wavu wa chuma wenye matundu ya mm 50 na waya wa mm 4 au 5, ifike hadi karibu na paa. Ifunge kwenye nguzo za bodi ya gari, kwenye matundu ya bolti yaliyotoka kiwandani, si kwenye plastiki ya mapambo. Kama gari lina mifuko ya hewa ya pembeni, usitoboe wala kufunga kitu kwenye ukingo wa paa, maana ndipo inapopita.

Sasa droo. Usijaze urefu wote wa mm 1,700. Droo ndefu hivyo inadai reli nzito mno, na ukiivuta yote inaning'inia nje kama ulimi. Tengeneza fremu yenye urefu wa mm 1,050, upana wa mm 1,000 na kimo cha mm 480, ianzie mlango wa nyuma. Mbele yake inabaki nafasi ya mm 650 inayofikika kwa mlango wa kuteleza. Hapo weka vizito: mifuko ya mchanga sakafuni, miguu ya C-stendi na maboksi ya taa. Uzito unakaa chini, karibu na katikati ya gari, na mgongo wako haulazimiki kuinama mita moja ndani kunyanyua mchanga.

Fremu ijenge kwa plaiwudi ya mm 15, ubao wa chini, wa juu na nguzo tatu za kusimama. Nguzo tatu zinakula mm 45, zinabaki mm 955. Zigawe hivi: kushoto mm 560 kwa droo mbili zilizopandana, kulia mm 395 uwazi mrefu wa stendi na tripodi, ulio wazi mbele na nyuma. C-stendi ya kawaida ikikunjwa ina karibu mm 1,350, kwa hiyo itatokeza mbele ya fremu, upande wa viti, kama mm 300. Hilo halina shida, ila weka kipande cha mbao mbele kuizuia na mkanda mmoja wa velkro wa mm 50 kuibana. Ng'oa mguu wa C-stendi, usiilaze na mguu wake.

Reli nunua zenye urefu wa mm 1,000, uwezo usiopungua kilo 100, na zinazojifunga zikiwa ndani na zikiwa nje. Hapa wengi hukosea. Reli ya kabati la jikoni haina kufuli, gari likipanda mlima droo inasukuma mlango wa nyuma, na ukifungua mlango inakujia tumboni. Reli nzito za aina hii nyingi zina unene wa mm 19 kila upande, lakini pima zako mkononi kwanza kabla ya kukata mbao. Kwa uwazi wa mm 560 toa mm 38, na mm 1 ya kupumua: droo iwe na upana wa mm 521 kwa nje. Ikizidi hata mm 2 reli zinakaza. Ikipungua mm 3 gololi za ndani ya reli zinachezacheza na kuliwa upesi.

Kimo cha ndani ya fremu ni mm 450. Droo ya chini mm 240, ya juu mm 170, mm 40 zinazobaki ni za nafasi: 10 chini, 15 katikati, 15 juu. Kuta na vitako vya droo tumia plaiwudi ya mm 12. Utahitaji karatasi mbili za mm 15 na moja ya mm 12 za ukubwa wa mm 1,220 kwa 2,440, na mbao peke yake itafika karibu kilo 55. Jumlisha na kilo 138 za vifaa pamoja na watu, kisha ulinganishe na uzito ulioandikwa kwenye kibati cha mlango wa dereva. Mbao nene zaidi ya hapo ni kubeba mzigo usio na kazi.

Kufunga fremu: tumia matundu ya pete za kufungia mizigo yaliyoko sakafuni. Weka pembe za chuma cha mm 4 nne, bolti za ukubwa uleule wa kiwandani (mara nyingi M8), washa pana za mm 30 upande wa mbao na nati zenye nailoni ndani. Skrubu za mbao zilizopigwa kwenye bati la sakafu ni kazi bure: bati ni jembamba, zitang'oka. Ukilazimika kutoboa, ingia uvunguni kwanza. Tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya za umeme vyote hupita huko.

---

Boksi_Kwanza

Fremu nakubaliana nayo. Sikubaliani na wazo la kulaza bodi na lenzi moja kwa moja kwenye droo, maana droo haishuki na wewe. Kila mkifika eneo la kazi mtahamisha kitu kimoja kimoja toka droo kwenda kwenye begi, mlango uko wazi na vumbi linapepea, na wakati wa kuondoka mtarudisha vilevile gizani. Ndipo vifaa hupotea.

Kanuni yangu ni hii: kinachotumika garini kikae kwenye droo, kinachoshuka kikae kwenye boksi, na boksi liwe na nafasi yake ndani ya droo. Boksi gumu la plastiki kama Peli 1510 lina mm 559 kwa 351 kwa 229 kwa nje. Droo ya Fundi ina mm 976 kwa 497 kwa ndani, kwa hiyo boksi linalala kwa urefu na nyuma yake inabaki mm 417 kwa droni. Pembeni inabaki ufa wa mm 146, ujaze gimbali iliyofungwa kufuli zake zote, ama gogo la sponji. Usiache wazi, boksi litatembea.

Droo ya juu: kebo, sauti, betri, tepu, bisibisi. Kebo kunja kwa mizunguko ya kupishana juu na chini, kila moja na velkro yake, pangilia kwa urefu. Mita 3 mbali, mita 10 mbali.

Ndani ya boksi kuna mengi ya kusema. Sponji ya vipande vya kung'oa kwa vidole ndiyo inayokuja na boksi, nayo ni dhaifu: kuta zake zinaachia ndani ya miezi. Tafuta sponji ngumu ya polietilini yenye matundu yaliyoziba. Haifyonzi maji na haigeuki unga. Ile laini ya godoro ikizeeka kwenye joto inanata na kuacha chembe nyeusi kwenye mpira wa lenzi, na kuzisafisha ni kazi ya siku nzima.

Kukata: panga vifaa juu ya karatasi yenye ukubwa wa boksi, acha mm 25 kati ya kitu na kitu na mm 25 toka ukingoni. Chora kila kifaa, kisha kata mm 2 hadi 3 ndani ya mstari ili sponji ikibane. Tumia kisu chembamba kirefu chenye makali mapya, kata kwa kuvuta mara nyingi. Usisukume kwa nguvu, ukisukuma ukuta unalala na tundu linakuwa pana chini kuliko juu. Kwenye ubavu wa kila tundu kata nusu duara ya kuingizia kidole gumba, la sivyo utaishia kuvuta lenzi kwa kifuniko chake. Chini kabisa gandisha tabaka la mm 25 la rangi tofauti, nyekundu au njano. Ukifungua boksi usiku ukaona jicho jekundu linakutazama, hapo kuna kitu kimebaki nje. Hakuna orodha inayofanya kazi haraka kama hiyo.

Kwa kuta za mm 25, boksi hilo litachukua bodi 2 na lenzi 3 au 4, si 6. Usijibane kwa kupunguza kuta. Lenzi zisizotumika kila siku ziweke boksi la pili dogo zaidi.

Barabara ikiwa ya matuta tenganisha 70-200 na bodi. Zikibaki zimeunganishwa, kila mruko unainamisha pale zinapokutana, na skrubu za shingo ya lenzi zinalegea kidogo kidogo hadi siku picha inaanza kuwa butu upande mmoja. Na msishtuke mkisikia kihisi cha picha kinagongagonga ndani ya bodi iliyozimwa. Kamera nyingi zenye kituliza mtikisiko ndani ya bodi huacha kihisi huru zikizimwa, ni kawaida yake. Ndiyo sababu nyingine ya sponji kubana bodi vizuri.

---

Fundi_Droo

@Boksi_Kwanza hoja imekubalika. Basi badilisha droo ya chini: kuta zishuke hadi mm 120, nafasi ya droo ndani ya fremu ibaki ileile. Kuta fupi zinakuwezesha kushika mpini wa boksi na kulitoa kwa mkono mmoja. Kwenye kitako pigilia vipande vya mbao vya mm 20 kwa 20 kuzunguka nyayo za boksi, kisha mkanda mmoja wa kubana juu yake. Reli zenyewe zibaki za kilo 100.

---

Waya_na_Fyuzi

Najibu la umeme na la unyevu.

Betri ya kuwashia injini haikuundwa kuchaji vifaa gari likiwa limezimwa. Chaja nne za wati 60 ni wati 240. Ukipitia kwenye inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230), na upotevu wake, ni kama ampea 23 toka betri ya volti 12. Betri ya Ah 60 haitavumilia saa mbili za hali hiyo, na hata saa moja inaweza kukuacha umekwama. Mna njia mbili:

Ya kwanza, chaji injini ikiwa inanguruma tu, kwa chaja inayotumia volti 12 moja kwa moja. Hapo hupandishi umeme hadi 230 na kuushusha tena, kwa hiyo upotevu wa katikati unapungua. Kwa betri sita kwa siku, njia hii mara nyingi inatosha.

Ya pili, weka betri ya ziada ya LiFePO4 (aina ya lithiamu) ya Ah 50, ambayo ina karibu Wh 640, pamoja na kifaa cha kuichaji toka mfumo wa gari cha ampea 20. Kujaza V-mount nne kunahitaji Wh 392, na pamoja na upotevu hesabu 470. Inabaki akiba. Iweke ndani ya eneo la mizigo, si chini ya boneti ambako joto litaiua. Usiunganishe betri mbili kwa rilei tupu (swichi ya umeme) kwenye gari jipya, kwa sababu alteneta za kisasa hushusha volti zake njiani na betri ya pili haitajaa kamwe.

Kama ni lazima inveta, chagua ya wati 300 yenye mawimbi safi ya saini (pure sine wave). Ikibeba mzigo wote itavuta ampea 28 hivi. Kwa umbali wa mita 4 waya wa mm² 10 unapoteza karibu volti 0.4, inavumilika. Waya wa mm² 6 unapoteza karibu 0.65, na inveta itaanza kulia kuwa umeme ni mdogo wakati betri bado ina nguvu. Fyuzi ya ampea 40 ikae ndani ya sm 20 toka kwenye betri. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya, kwa hiyo ukiiweka mwisho karibu na inveta, mita zote nne za waya hazina mlinzi. Pale waya unapopita kwenye bati, tia pete ya mpira. Inveta na chaja vifungwe ubavuni mahali penye hewa, kamwe si ndani ya droo iliyofungwa.

Betri za lithiamu nyingi hazitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0 wala juu ya nyuzi 45, na gari lililofungwa juani linaweza kupita nyuzi 60 kwa ndani. Kwa hiyo betri ziwe kwenye kiboksi chenye mpini, mkishuka nayo inashuka. Zilizojaa zielekeze kibati juu, zilizoisha kibati chini, na kila moja iwe na kifuniko cha plastiki kwenye meno yake ili bisibisi isije ikaunganisha chanya na hasi. Zikikaa wiki bila kazi ziache na chaji kama nusu, si zimejaa.

Unyevu: fangasi huanza kupata raha kwenye lenzi unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 60. Lengo ni 40 hadi 50. Kila boksi liwe na kipima unyevu kidogo na gramu 50 za silika jeli ile inayobadili rangi. Ikibadilika, iweke kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili na inarudi kazini. Mkitoka kwenye ubaridi wa kiyoyozi kwenda kwenye hewa ya moto yenye unyevu, msifungue boksi hapohapo. Liache limefungwa nusu saa hadi saa moja, vifaa vipate joto taratibu. Ukifungua mapema utaona ukungu kwenye kioo cha mbele unaoufuta kwa kitambaa, lakini ule ulio ndani ya lenzi huufikii.

---

Mwanga_Mdogo

Asanteni sana, nimeelewa mengi. Yamebaki mawili. Vumbi litaingia kwenye reli, je nizipake grisi? Na usalama: gari likiegeshwa, kufuli la droo linatosha?

---

Boksi_Kwanza

Usalama kwanza. Kufuli la droo linazuia mkono wa haraka tu, plaiwudi inavunjika kwa mtaimbo. Kinachosaidia zaidi ni kutoonekana: ubao wa juu uwe mweusi na mtupu, hakuna stika ya kampuni ya kamera kwenye kioo, na msifungue droo mahali mtakapoliacha gari. Pangeni vifaa kabla ya kufika. Boksi la bodi lifungwe kwa kebo ya chuma iliyopita kwenye bolti ya sakafu. Kadi zilizorekodiwa hazilali garini hata kidogo, zinakaa mfukoni mwa mtu mmoja anayejulikana. Namba za vifaa vyote ziandikwe mahali nje ya gari.

Kuhusu vumbi: nyuma ya gari linalokwenda hewa huwa nyepesi na huvuta vumbi kupitia raba ya mlango wa nyuma. Kagua raba kwa kubana karatasi mlangoni. Ikichomoka kwa urahisi, raba imechoka sehemu hiyo. Njiani funga madirisha yote na washa feni kwenye hewa ya nje, si ya kuzungusha ndani. Hewa inayosukumwa ndani inatoka kwenye nyufa na kuzuia vumbi kuingia.

---

Fundi_Droo

Grisi hapana. Grisi na vumbi vikikutana vinakuwa msasa, na gololi zinaliwa. Kila wiki mbili vuta droo hadi mwisho, pitisha brashi kavu kwenye mifereji, futa kwa kitambaa, kisha nyunyiza kidogo kilainishi kikavu cha PTFE (Teflon) na uivute na kuirudisha mara kumi. Droo ikianza kukwama katikati, usiilazimishe. Pima upana wa uwazi mbele, katikati na nyuma. Zikitofautiana kwa zaidi ya mm 1, fremu imepinda kwa sababu sakafu ya gari haiko sawa, na dawa yake ni vipande vyembamba vya plastiki chini ya pembe moja.

Ukimaliza kujenga, chora mstari wa rangi unaovuka kila nati na mbao yake. Pakia mzigo wote, endesha km 20 kwenye barabara mbaya kuliko zote unazozitumia, kisha angalia mistari. Nati iliyokatika mstari imezunguka: iweke gundi ya nyuzi ya bluu na uikaze upya. Rudia baada ya km 500, maana plaiwudi mpya hubonyea chini ya washa na bolti zote hulegea kidogo mara ya kwanza.